Paka Watano wa Kisiwa cha Marion

Mwaka 1949 wahudumu wa kituo cha hali ya hewa katika kisiwa cha Marion walisumbuliwa na panya, wakaletewa paka. Ni uamuzi ambao mwenye ghala la mpunga au duka la nafaka popote pale kwetu angeufanya bila kusita. Paka wenyewe walikuwa watano. Kufikia 1977 kisiwani palikuwa na paka wapatao 3,400. Mwaka 1991 wa mwisho alinaswa, na leo hakuna hata mmoja. Panya wapo.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wasiompenda paka hukitumia kumwonyesha kuwa ni muuaji tuliyemweka ndani ya nyumba zetu. Wampendao husema: si mnaona, mlimwondoa, panya wakatawala. Mimi nimeishi na paka tangu utotoni na sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Ukikifuata kisa hatua kwa hatua utaona kwamba paka wa Marion alifanya jambo moja tu miaka yote ile, lile lile analolifanya usiku nyuma ya kabati la jikoni. Waliokuwa wakibadilisha mambo ni watu.

Mahali penyewe

Marion ni kisiwa cha volkano kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, takriban kilomita 2,000 kusini-mashariki mwa Cape Town. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 290 hivi. Hakuna mti. Kuna majani, kuvumwani, matope, upepo usiokoma, mvua na theluji. Hakuna kijiji wala hapajawahi kuwa na wenyeji. Afrika Kusini ilikitwaa mwishoni mwa 1947 na mwanzoni mwa 1948 pamoja na jirani yake mdogo, kisiwa cha Prince Edward, kilicho umbali wa kilomita 20 hivi. Mkumbuke huyo jirani, maana nitamhitaji baadaye.

Panya wa Marion hawakuwa wa asili. Ni wale panya wadogo wa nyumbani, waliofika na meli za wawinda sili, wanyama wa baharini, mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo paka walipokuja, kisiwa kilikuwa tayari kimebeba kosa la kwanza kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wenye kisiwa hasa walikuwa ndege: pengwini, albatrosi, yaani ndege wakubwa wa baharini wenye mabawa marefu, na makundi makubwa ya petreli, ndege wa baharini ambao hutaga ndani ya mashimo wanayochimba ardhini. Petreli huishi maisha yake baharini na hurudi nchi kavu kwa ajili ya kuzaa tu. Hutaga yai moja kwa msimu. Kinda lake huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kutaga. Hutua usiku ili kuwakwepa skua, ndege wakubwa wanaowinda mchana, na akishatua hutembea kwa shida, maana miguu yake imeumbwa kwa maji. Adui aliyemjua siku zote alitoka angani. Mnyama mwindaji mwenye miguu minne, anayenyata gizani na kupenya kwenye shimo, petreli wa Marion hakuwahi kumwona katika maelfu ya vizazi.

Mkataba ambao haukuandikwa

Kabla ya kuendelea na Marion, ni vizuri tujikumbushe paka alifikaje mikononi mwetu, kwa sababu ndipo kosa la 1949 linapoeleweka.

Ng'ombe, mbuzi na punda tuliwakamata tukawafunga. Paka hatukumkamata. Watu walipoanza kulima na kuhifadhi nafaka huko Mashariki ya Kati, panya walijaa maghalani, na kimburu, paka wa porini mwenye umbo na rangi unazoweza kuziona hadi leo katika nyika zetu za Afrika Mashariki, akawafuata panya. Aliyestahimili kuwa karibu na watu alikula vizuri zaidi. Watu nao hawakumfukuza. Huko Kupro wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta kaburi la miaka 9,500 hivi, mtu amezikwa na paka kando yake, umbali wa sentimita 40 tu. Kupro ni kisiwa kisichokuwa na paka wa asili. Yule paka, au wazazi wake, walivushwa kwa chombo. Kumbe kumpakia paka chomboni na kumpeleka kisiwani ni desturi ya zamani sana ya binadamu, na watu wa majahazi wanaijua: paka hulinda shehena na kamba.

Ila desturi hiyo ina sharti moja ambalo hatulitaji kwa kuwa tumelizoea. Paka hukaa upande wetu mradi chakula chepesi kiko upande wetu. Hatumlipi ili awinde panya. Anawinda kwa sababu ameumbwa kuwinda, hata akiwa ameshiba, na anachowinda ni kile kinachopatikana bila taabu. Ghalani kinachopatikana bila taabu ni panya. Jahazini ni panya. Ndiyo maana tunaamini paka ni adui wa panya. Paka hana uadui na panya hata kidogo. Ana njaa na ana jicho, basi.

Mpeleke sasa mahali ambapo nje ya mlango kuna mamia ya maelfu ya ndege wasiojua kukimbia.

Kilichotokea

Paka watano walizaa. Paka jike huweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka, hubeba kwa miezi miwili na siku chache, na kwa kawaida huzaa watoto watatu hadi watano. Kutoka watano hadi 3,400 katika miaka 28 ni ongezeko la zaidi ya robo kila mwaka, ukipiga hesabu ya wastani. Hakuna aliyeshtuka mwanzoni, kwani kwa miaka kadhaa ya kwanza robo ya paka wachache ni paka mmoja au wawili. Hesabu za namna hii huonekana zikiwa zimeshachelewa.

Mtafiti Rudi van Aarde wa Chuo Kikuu cha Pretoria alifanya kazi kisiwani katika miaka ya 1970. Makadirio yake ya 1975 yalikuwa paka wapatao 2,100, wakiua petreli karibu 450,000 kwa mwaka. Gawanya utaona ni ndege wanne hivi kwa wiki kwa kila paka. Kwa paka mmoja si ulafi, ni mlo. Kwa petreli jike anayetaga yai moja kwa mwaka, ilikuwa ni kumalizwa. Aina moja, petreli mzamiaji, iliacha kabisa kuzaliana Marion. Petreli wanaozaa majira ya baridi waliathirika vibaya zaidi: wakati wenzao wengi wako baharini, wao ndio pekee waliobaki mashimoni, na paka wote waliwageukia wao na makinda yao.

Na panya? Paka waliwala pia, hasa ndege walipokuwa wachache. Lakini hawakuwamaliza wala hawakukaribia kuwamaliza. Lile lililowaleta halikufanyika.

1977, na uamuzi ulionikosesha raha

Hapa ndipo napata shida kila ninaposoma kisa hiki, na sitaki kupapita haraka.

Kuwinda paka 3,400 katika kisiwa cha miamba na matope, chenye ukungu karibu kila siku, kulionekana hakuwezekani. Kwa hiyo mwaka 1977 Afrika Kusini ikapeleka kirusi cha panilukopenia, ugonjwa wa paka. Paka wapatao mia moja walikamatwa, wakaambukizwa, wakaachiwa warudi kwa wenzao.

Mwenye kufuga paka huenda ameuona ugonjwa huu bila kulijua jina lake. Ni ule ambao watoto wa paka wanakuwa wazima asubuhi, jioni wamenywea, wanatapika povu, wanaharisha, wanainamisha vichwa juu ya bakuli la maji na hawanywi. Kirusi huharibu utumbo na chembe nyeupe za damu. Ndani ya siku chache wamekwisha. Nilipokuwa mdogo walitufia wanne kwa juma moja, na mama alituambia tusilie mbele ya mama yao. Chanjo yake ipo na inafanya kazi vizuri. Kule Marion kilipelekwa kirusi chenyewe, kwa makusudi, na kikafanya kazi: kufikia 1982 paka walishuka hadi 615 hivi.

Ninaamini uamuzi ule ulikuwa sahihi. Naandika hivyo nikiwa na paka pembeni yangu. Ndege 450,000 kila mwaka nao wana makinda yanayokufa kwa njaa shimoni yakimsubiri mzazi asiyerudi, ila hatuwasikii kwa kuwa wako mbali na hawalali kwenye miguu yetu. Lakini kuwa sahihi hakuufanyi kuwa mwepesi. Deni la mateso yale ni la walioshusha paka mwaka 1949 wakaondoka bila kuuliza watoto wao watakwenda wapi, na waliokuja nyuma yao ndio walioachiwa kulilipa.

Kirusi hakikumaliza kazi. Paka waliosalia walipata kinga, na idadi ikatishia kupanda tena. Kuanzia 1986 vikosi vya watu wawiliwawili vilipelekwa kuwinda usiku kwa bunduki na kurunzi, misimu mitatu mfululizo. Paka wakajifunza kukimbia mwanga. Ikabidi kutegwa mitego, kisha kutawanywa maelfu ya vifaranga vya siku moja vilivyotiwa sumu. Katikati ya 1991 wa mwisho alipatikana. Kwa miaka mingi Marion kilibaki kuwa kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani vilivyowahi kuondolewa paka wote. Kazi ya kuwatoa paka, ukianzia kwenye tafiti za kwanza, ilichukua karibu miaka ishirini. Kuwaleta ilikuwa safari moja ya meli.

Paka akiondoka, panya hutawala?

Petreli walipata nafuu mara moja katika jambo moja: makinda mengi zaidi yalianza kukua hadi kuruka, hasa ya wale wa majira ya baridi. Ila idadi yao kwa jumla imepanda polepole kuliko ilivyotarajiwa. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wakaanza kukuta makinda ya albatrosi yenye majeraha ya ajabu, nyama imeliwa kichwani na mgongoni, kinda lingali hai. Walikuwa panya. Panya asiyefika gramu 30 alikuwa akipanda usiku juu ya ndege mkubwa na kumla akiwa ameketi. Albatrosi hana silika ya kumkung'uta panya. Hukaa juu ya kiota chake, akatulia. Mwaka 2023 walipatikana hata albatrosi wazima wa aina kubwa, wenye mabawa ya mita tatu na zaidi kutoka ncha hadi ncha, waliouawa kwa namna hiyo. Karibu robo ya albatrosi wote wa aina hiyo duniani huzalia Marion.

Methali yetu inasema paka akiondoka, panya hutawala. Ni rahisi kuitia hapa na kumaliza mjadala, na wengi wameutumia mfano huu hivyo. Mimi nakataa, kwa sababu visiwa viwili vinaipinga.

Cha kwanza ni Gough, kisiwa cha Uingereza katikati ya Atlantiki ya kusini. Gough kina panya wa aina hii hii walioletwa na meli, na hakijawahi kuwa na paka. Huko panya walionekana wakila makinda ya albatrosi kabla hata jambo hilo halijaonekana Marion. Kwa hiyo panya hahitaji kuondolewa paka ndipo ageuke kuwa mla ndege. Anahitaji muda, njaa ya msimu wa baridi na ndege asiyejitetea.

Cha pili ni yule jirani, Prince Edward. Bahari ni ile ile, baridi ni ile ile, ndege ni wale wale. Hakikufikiwa na panya wala paka. Mashimo ya petreli yamejaa na makinda ya albatrosi hayana majeraha. Ukitaka kujua Marion kingekuwaje, huna haja ya kukisia. Siku ya anga safi unakiona kwa macho.

Pana na jambo la tatu, la joto. Tangu katikati ya karne iliyopita Marion kimepata joto zaidi ya nyuzi 1 na mvua imepungua. Msimu wa panya kuzaliana umerefuka. Wadudu waliokuwa chakula chao wamepungua, huku panya wenyewe wakiwa wengi zaidi. Hapo ndipo walipogeukia ndege. Inawezekana paka, kama wangebaki, wangepunguza panya wachache, lakini wangefanya hivyo huku wakiendelea kula petreli. Marion ya paka na panya isingekuwa salama kuliko Marion ya panya peke yao. Ingekuwa na midomo miwili badala ya mmoja.

Basi kosa lilikuwa wapi

Bibi zetu wa pwani walitusimulia habari za nunda, paka wa sultani aliyeanza kwa kula mnyama wa kufugwa, sultani akanyamaza, akaendelea na mnyama mkubwa zaidi, sultani akanyamaza tena, mpaka akafika kwa watu. Nilipokuwa mtoto nilimwogopa nunda. Nikiisikia sasa namtazama sultani. Kila mara aliambiwa, na kila mara ilikuwa bado mapema vya kutosha.

Nikikipima kisa cha Marion kwa jicho hilo, naona nafasi tatu zilizopotea. Ya kwanza ni 1949 yenyewe: panya wa kituo walikuwa ndani ya majengo machache na vyakula vya ghala moja. Makopo yenye vifuniko, mitego na kuziba matundu ya ukuta vingetosha kuwapunguza. Ya pili, kama ilikuwa lazima paka waje, wangeletwa madume tu, au waliohasiwa. Paka watano waliohasiwa wangeishi miaka kumi, kumi na mitano, wakafa, na kisa kikaishia hapo. Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Katika miaka ya 1950 paka walikuwa bado makumi kadhaa na wangeweza kukamatwa kwa mkono, pengine hata kurudishwa bara wakiwa hai. Kila mwaka uliopita bila uamuzi ulizidisha idadi ya paka watakaouawa baadaye. Huruma ya kutowagusa makumi ilizaa kifo cha maelfu.

Mtu anaweza kusema Marion ni mbali na hapa kwetu paka ana maadui na mipaka yake. Ni kweli, ndege wetu wamekua pamoja na kimburu, kanu na fungo, hawakushtukizwa. Lakini lile tendo la 1949 nalijua vizuri. Nimeliona uani kwetu. Paka jike amezaa kwa mara ya tatu, nyumba imechoka, basi watoto wa paka wanatiwa kwenye kapu, wanafunikwa kanga, na kijana anaambiwa akawaache soko la samaki, "huko watapata vichwa vya samaki." Sijawahi kumwona aliyewapeleka akirudi kuangalia. Wachache huishi, wengi hupatwa na ule ugonjwa wa kutapika, au hugongwa na bodaboda, na waliobaki huzaa tena sokoni mpaka mtu anaamua kutega sumu usiku. Ni Marion ndogo, ya muda mfupi badala ya miaka arobaini. Daktari wa mifugo anayemfunga kizazi paka jike hupatikana katika miji yetu mikubwa, na gharama yake si ndogo kwa kila mtu, naelewa. Kwa paka wangu niliweka fedha kidogo kidogo kwa miezi minne. Kidonda kilipona siku kumi baadaye, na bado anakamata panya kama kawaida.

Kule Marion sasa wanaandaa kazi ya mwisho. Serikali ya Afrika Kusini na shirika la kuhifadhi ndege la BirdLife South Africa wanakusanya fedha ili helikopta zimwage chambo chenye sumu kisiwa kizima, mstari kwa mstari, katikati ya majira ya baridi panya wakiwa na njaa na ndege wengi wakiwa baharini. Ni mamia ya tani za chambo, na hakuna hatua ya mraba inayoruhusiwa kurukwa. Gough walifanya hivyo hivyo mwaka 2021, na kabla mwaka haujaisha panya wakaonekana tena. Wanaoandaa Marion wanalijua hilo. Jike mmoja mwenye mimba akisalia chini ya jiwe, kazi yote imerudi mwanzo.

Wakati huohuo, anayesafiri kwenda Marion leo hukaguliwa kabla ya kupanda meli. Mifuko ya koti inageuzwa nje, mbegu zinachomolewa kwenye pindo za suruali, nyayo za viatu zinasuguliwa kwa brashi, masanduku ya chakula yanafunguliwa moja moja kutafuta kinyesi cha panya.